Ukuta Ulimwangukia Mume Wangu, Hofu Ikabaki Kwangu

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na naomba msaada wako, na usishangae nikianza kwa kushukuru kabla ya kulia, kwa sababu ndivyo nilivyo siku hizi, naamka nashukuru, namwona mume wangu anapiga mswaki povu linamdondokea shatini, jambo ambalo zamani lilikuwa likiniudhi kweli, nashukuru, nikimsikia anakohoa bafuni nashukuru, na bado katikati ya shukrani hizo hizo kuna kitu kimenikaba rohoni na sasa kinataka kutuharibia maisha, na mwenye kukileta ni mimi mwenyewe.

Mimi na mume wangu tuna duka la mikate, yeye anakanda unga na kuoka, mimi naipokea mikate tanurini na kuuza mbele, na mtaa mzima wananiita Mama Mikate. Mwaka jana kwenye kiwanja cha nyuma yetu walianza kuchimba msingi wa ghorofa, mashine inachimba kutwa hadi vikombe vinacheza kwenye visahani, na sisi tukawa tunataniana kwamba sasa unga utajikanda wenyewe, kumbe mzaha mzaha hutumbuka usaha, maana siku moja mchana, duka limejaa wateja, ukuta wa stoo ya unga ulishuka wote na dari ikaufuata, na mume wangu alikuwa humo ndani ameingia kuchukua gunia.

Mimi nilisikia kishindo, nikaona vumbi linatoka mlangoni, nikakimbilia stoo, lakini wateja wawili wakanidaka, mmoja kiunoni mmoja mabegani, nikapiga kelele, nikapiga mateke, nikamng'ata mmoja mkono (ni mteja wetu wa kila siku, Mungu amjalie, mpaka leo anakuja kutusalimia na kovu lake na hajawahi kulitaja), hawakuniachia, wakanibeba hadi ng'ambo ya barabara wakanikalisha mbele ya duka la dawa na wakanigeuza uso nitazame ukuta wa duka hilo ili nisione kitakachotolewa. Nilikaa hapo nikitazama ukuta wa rangi ya kijani, sijui muda gani, na nilichokuwa nakiona ni ukuta tu.

Kumbe nyuma yangu watu walikuwa wanachimba, kinyozi wa jirani aliacha kichwa cha mtu nusu amenyoa nusu bado akaja na mwenye kichwa chake, vijana wa pikipiki walikuja, mama wa mboga alileta mabeseni yake ya kubebea kifusi, na yule jirani wa vifaa vya umeme ambaye tulikuwa hatusalimiani naye kwa sababu ya moshi wa tanuri letu alichimba kwa mikono mitupu hadi kucha zikamtoka. Na magunia nayo yalifanya kazi yake, maana sisi hatupangi magunia ya unga juu kwa juu tu, tunayapishanisha, moja limelala hivi na la juu yake linakingama, rundo linajishika lenyewe, basi dari ilipoanguka iliegemea lile rundo, kukabaki nafasi kama uvungu wa kitanda, na mume wangu alikuwa humo uvunguni, mguu umevunjika na mbavu zimevunjika, anapumua. Alitolewa mweupe unga mtupu hadi kope, na jambo la kwanza alilofanya ni kucheka. Mama Mkubwa, nawashukuru wote, namshukuru Mungu, namshukuru kinyozi, nawashukuru vijana wale na mama wa mboga, namshukuru jirani wa umeme, daktari aliyemfunga mguu, muuguzi aliyekuwa akiniletea kiti, mama mkwe aliyetulishia watoto, na hata wale wawili walionishika nawashukuru, ingawa usiku ule nilikuwa nawalaani.

Sasa shida yangu ni hii, mume wangu alitoka mle ndani mtu mwingine na mimi nikatoka mtu mwingine, na watu hawa wawili wapya hawapatani. Yeye anasema akiwa chini pale gizani alisikia sauti ya kinyozi inayatukana matofali moja moja, akasikia watu wanaitana, akaona tundu la mwanga linakua, na tangu siku hiyo amekata shauri kwamba dunia ni njema na watu ni wema basi. Mlango hafungi, ukimwambia afunge anakwambia, "Nani aibe? Hao hao walionichimbua?" Wateja wamempa jina la Bwana Kifusi na yeye anaitika, tena kwa furaha. Juzi juzi alimwazima pikipiki ya kusambazia mikate mtu asiyemjua, nikasema leo ndiyo leo, imekwenda hiyo, nikakaa mlangoni nimejiandaa na maneno yangu ya "nilikuambia," na yule mtu akairudisha imeoshwa na tangi limejazwa mafuta, nikabaki na maneno yangu mdomoni.

Na mimi, ambaye hata punje ya mchanga haikunigusa, ndiye niliyebaki chini ya kifusi. Zamani nilikuwa naamini ukuta ni ukuta, ukiujenga unakaa, na mtu akifanya kazi yake vizuri na kuwatendea watu haki basi na mambo yake yatakaa. Siku hizi naamini kila kilichosimama kinasubiri tu siku yake ya kuanguka. Siingii mahali bila kugonga ukuta kwanza. Sisi wa mikate, mkate ukitoka tanuri unaugeuza, unaugonga chini kwa vidole, ukilia tupu tupu kama ngoma ndogo umeiva, ukilia zito bado mbichi ndani, na mimi nimefanya kazi hiyo miaka mingi hadi vidole vyangu vina masikio, basi nikaanza kugonga kuta vivyo hivyo, ila kwa kinyume, ukuta ukilia zito naingia, ukilia tupu siingii. Kwa njia hiyo nimehamisha kitanda cha watoto kutoka chumbani kwao, wanalala sebuleni karibu na mlango. Kwenye zahanati niligonga ukuta wa mapokezi nikasikia tupu nikagoma kuingia, muuguzi akatoka kunipima presha nje kwenye ngazi huku watu wanapita, na presha ilikuwa juu, akaniuliza, "Mama, una mawazo?" nikamwambia hapana, nina akili tu.

Halafu mwalimu wa binti yetu mdogo akaniita shuleni. Akanieleza kwamba mtoto kila asubuhi kabla ya kukaa anazunguka darasa zima anagonga kuta, na wenzake wanamcheka. Nikataka kumgombeza mtoto mbele ya mwalimu, lakini mtoto akanitazama machoni, hana hata mzaha, akauliza, "Mama, huu ukuta umeiva?" Nilimshika mkono tukaenda nyumbani.

Na hayo yote pengine ningeyameza, lakini ikaja harusi ya wifi yangu, dada wa mwisho wa mume wangu, mtoto niliyemlea mimi mwenyewe tangu akivaa sare za shule. Ukumbi mzuri, maua, watu wamependeza, na mimi nimekaa karibu na nguzo kubwa iliyopakwa rangi ya dhahabu, nikajizuia, nikajizuia, nikajizuia, wakati wa kukata keki nikasema acha niguse kidogo tu, nikagonga, ikalia tupu. Nguzo, Mama Mkubwa! Imebeba dari ya ukumbi mzima na ndani yake hamna kitu! Nikasimama nikapiga kelele, "Tokeni! Tokeni wote, nguzo ni tupu!" Mshereheshaji alidhani ni shamrashamra za upande wa bwana akawaambia watu wanipigie makofi, wakanipigia, nikapiga kelele zaidi huku nalia, hapo ndipo watu wakaelewa wakakimbia, viti vikaanguka, bibi harusi akatoka na kiatu kimoja, keki sijui ilikwenda wapi. Fundi wa ukumbi akaja na bisibisi, akafungua ubao wa ile nguzo, ndani kuna bomba la maji linateremka. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hii si nguzo. Hili ni kabati la bomba, tumelipaka rangi tu." Wifi yangu akaja mbele yangu na kiatu chake mkononi akasema, "Wifi, kaka yangu aliangukiwa na ukuta. Mimi umeniangushia harusi." Tangu siku hiyo hajaja kwetu.

Sasa mwenye nyumba amejenga upya stoo na ukuta wa nyuma, tanuri limekarabatiwa, vibarua wetu wanauliza lini tunaanza, na mume wangu mguu umepona anataka kuwasha moto. Nikamuuliza, huo ukuta mpya nani ameukagua? Akajibu, "Mwenye nyumba amesema uko sawa, na ni mtu mwema yule, alikuja hospitali na matunda." Nikamwambia, "Basi chagua. Tanuri au mimi." Akanitazama, akasema, "Mke wangu, mimi nilishachagua siku nyingi." Nilidhani amenidhihaki. Kumbe kesho yake alikwenda kwa mwenye nyumba, akarudi akaniambia mwisho wa mwezi anarudisha funguo za duka, kuna kampuni inatafuta dereva wa kusambaza maji ya kunywa naye ameomba. Akasema, "Kazi ya barabarani, hakuna kuta. Utalala usingizi." Alisema bila hasira, akainuka akaenda kumsaidia mtoto hesabu.

Nimeshinda, Mama Mkubwa, na ushindi wenyewe haumezeki. Tangu aseme hivyo nimemwona mara mbili anainua mikono juu ya meza ya chakula anakanda hewa bila kujua. Mtu huyu tangu ujana wake hajui kazi nyingine na hataki nyingine. Lakini nikifikiria kumwona anapita ule mlango wa stoo, miguu yangu inakufa ganzi. Je, nimwache arudishe funguo ili nimwone anarudi jioni kila siku akiwa mzima, au nimzuie, nami nife kidogo kidogo kila akiingia kuchukua gunia? Na kwa nini yeye aliyefukiwa amerudi akiwa na imani na watu, na mimi niliyekuwa nje nimerudi sina imani na chochote? Nisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, nakushukuru mapema.

Wako,
Mama Mikate

* * *

Mwanangu Mama Mikate,

Marahaba. Pole sana, na hongera sana, chukua zote mbili maana zote ni zako. Nitasema ukweli, kwenye harusi nilicheka hadi mjukuu wangu akaja kuangalia kama niko salama. Kwa mtoto aliyeuliza kama ukuta umeiva sikucheka.

Tuanze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yote yatakuwa mepesi. Wahenga walisema aliyetafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyumbani kwako nyoka amemtafuna baba, na anayeshtuka ni mama. Unaona ajabu, mimi sioni. Wewe na mumeo mlikuwa kwenye ajali moja, lakini hamkuona ajali moja. Yeye alikuwa gizani, kweli, lakini alikuwa anasikia. Alisikia watu wanaitana, alisikia matofali yanatukanwa, aliona mwanga unakua. Kila kilichomfikia kule chini kilikuwa ni mtu anakuja. Wewe ulikuwa juani, mzima wa afya, lakini mikono iliyokufikia ilikuwa ya kukuzuia, na uso wako uligeuzwa kuelekea ukuta. Waliokugeuza walifanya wema, nami nawapongeza, hasa aliyeng'atwa. Ila matokeo yake ni kwamba mwenzio alijifunza kwamba watu huja, na wewe ukajifunza kwamba vitu huanguka na huna la kufanya. Kila mmoja alibeba somo la pale alipokuwa.

Jambo zito likimpata mtu huwa halimwachii kovu peke yake, humwachia na imani, na imani hiyo ikiingia haipigi hodi. Inakaa ndani mwako, inazungumza kwa sauti yako mwenyewe, ukiulizwa kama una mawazo unajibu kwamba una akili tu. Ndiyo maana sitakwambia "usiogope." Wangapi wamekwambia hivyo? Imesaidia nini? Hofu yako haikuingia kwa maneno na haitatoka kwa maneno.

Wala sitakwambia kwamba hofu yako yote ni upuuzi, kwa sababu si kweli. Ukuta wenu ulianguka. Lakini ulianguka kwa sababu watu walichimba nyuma yake kutwa nzima na hakuna aliyekwenda kuutazama. Ukuta hauna kinyongo na mtu, mwanangu, wala haukai ukipanga siku ya kukuangukia. Unaanguka kwa sababu, na sababu zina wataalamu wake. Vidole vyako vinajua mkate. Ukuta havijui, vikuambie nini? Ubao utalia tupu na ni mzima, tofali litalia zito na pengine chini yake maji yanakula msingi. Kwa kipimo hicho chako umewatoa watoto kwenye chumba kizuri, umewakimbiza wageni wa harusi kwa kuogopa kabati, na juu ya hayo yote hujawa salama hata kidogo.

Sasa gazeti hili mpe mumeo asome aya hii, halafu arudishe.

Bwana Kifusi, baba yangu, karibu tena duniani. Nimefurahi kama vile nakujua. Lakini wewe nawe usituletee! Shukrani si kipimo cha ukuta. Mtu kuja hospitali na matunda hakumfanyi kuwa mhandisi. Umemwambia mkeo unayemwona anagonga kila ukuta kwamba ukuta uko sawa kwa sababu mwenye nyumba ni mtu mwema? Ukuta wa kwanza nao ulikuwa wa mtu mwema huyo huyo. Watu waliokuchimbua walikufanyia fadhila kubwa, basi wahurumie, wasije wakakuchimbua mara ya pili. Na mlango ufunge. Anayeamini watu haimpunguzii kitu kufunga mlango wake.

Nimerudi kwako, mwanangu, na sasa nisikilize vizuri kwa sababu hapa nitakugombeza. Lile neno "chagua" lilikuwa baya. Najua hukusema kwa ukatili, ulisema kwa woga, lakini umempa mwenzako wa maisha mambo mawili anayoyapenda na ukamwambia akate moja, na yeye amekata, bila hasira, na sasa anakanda hewa mezani. Leo hii, kabla hata hujamaliza kukunja gazeti, lifute neno hilo. Usilifute kwa masharti, usiseme "nimelifuta lakini." Sema umelifuta.

Funguo zisirudishwe mwisho wa mwezi huu. Mtafuteni mhandisi wa majengo ambaye hajuani na mwenye nyumba wala na nyinyi, aje autazame ukuta wa nyuma, dari na ule msingi wa ghorofa jirani, na nendeni naye wote wawili. Atakachosema kiwe ndiyo neno la mwisho. Akisema ukuta ni mbovu, funguo zirudi kwa mwenyewe na mtafute mahali pengine pa kuoka, mumeo akubali na tabasamu lake lile lile. Akisema ni mzima, moto uwashwe, na wewe vidole vyako viweke mfukoni.

Sikutegemei uingie stoo siku hiyo. Kaa ng'ambo ya barabara, pale pale mbele ya duka la dawa, lakini safari hii geuza kiti. Litazame duka lenu mlango ukiwa wazi, umwone anaingia, umwone anatoka na gunia. Fanya hivyo hadi uchoke, na utachoka, kwa sababu hofu isiyolishwa nayo huchoka. Kisha sogea mlangoni, kisha kwenye meza yako ya kuuzia. Stoo iwe ya mwisho, na uingie umeshikana mkono na mwenye stoo yake. Ukiona miguu inakataa kabisa na usingizi hauji, hospitali nyingi kubwa zina wanasihi wanaosaidia watu waliopita kwenye ajali. Muulize yule muuguzi wa zahanati akuelekeze, na safari hii akikuuliza kama una mawazo mjibu ndiyo.

Kabla ya moto kuwashwa, nenda kwa kinyozi. Mkute hana mteja, kaa kwenye kiti chake, umwambie, "Kaka, siku ile mimi niligeuzwa uso. Nieleze ulifanya nini." Kisha nenda kwa mama wa mboga, nenda kwa vijana wa pikipiki, nenda kwa jirani wa umeme, moshi wenu mtauzungumza baadaye. Kila mmoja akueleze alisimama wapi, alishika nini, alisema nini. Watafurahi mno kuulizwa, na watatia chumvi kidogo, waache. Umewashukuru wote hao kwenye barua, lakini umeshukuru kitu ulichosimuliwa juu juu. Nenda ukaione sehemu ya siku ile ambayo hukupewa nafasi ya kuiona. Ukuta uliuona wa kutosha, sasa uwaone watu.

Binti yako asikuone tena unagonga. Ukizidiwa, mwambie kwa maneno ya kawaida, "Mama anaogopa kidogo, lakini ukuta huu wameukagua wenye kazi yao." Mtoto anaweza kuishi vizuri na mama mwenye hofu, mradi mama aiite hofu. Asichoweza ni kuishi na hofu inayoitwa akili, kwa sababu hiyo atairithi na kuitunza kama urithi wa thamani. Warudishe watoto chumbani kwao wiki hii.

Kwa wifi yako nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Usimweleze habari za nguzo hata kidogo. Mwambie, "Nilikulea, nikakuharibia siku yako, nisamehe," halafu unyamaze, umwache aseme yote aliyonayo. Akimaliza, na amalize kweli, mwombe siku ya kuwaalika yeye na mumewe kwenu wakate keki utakayooka wewe. Mtoto uliyemlea hawezi kukukasirikia milele, hata kiatu chake kikipotea.

Nimebakiza moja. Barua yako ni barua ya shukrani, nimeisoma mara mbili kwa sababu hiyo. Umemshukuru Mungu, umemshukuru kinyozi, daktari, muuguzi, mama mkwe, mama wa mboga, umewashukuru hadi waliokushika, akiwemo yule uliyemng'ata. Mimi umenishukuru kabla sijakujibu. Mumeo hujamshukuru popote. Unashukuru kwamba yupo, unashukuru povu lake la mswaki, lakini yeye mwenyewe hujamwambia kitu. Yule mtu alilala chini ya dari, mbavu zimevunjika, kila pumzi inamchoma, na hakuacha kupumua. Kinyozi alichimba kutoka juu, na yeye akangoja kutoka chini, na kungoja huko nako kulikuwa kazi, na alikuwa anakungojea wewe. Akatoka, akakuta kwanza anaogopewa, kisha anaambiwa achague, na bado akakuchagua.

Mwite akae. Mwambie asante kwa kurudi.

Mama Mkubwa